Kaka anatoka jela ya federali mwezi wa tatu, afisa wa probesheni anakuja kukagua nyumba yetu, tujiandaeje?

Dada wa Plano
Habari zenu ndugu zangu wa diaspora. Naombeni msaada kwa wanaojua haya mambo, kwetu ni mara ya kwanza na hata kuulizia kanisani naona aibu. Kaka yangu alifungwa Minnesota miezi 30, kesi ya ile mikopo ya biashara ya kipindi cha korona, na akitoka ana miaka 3 ya uangalizi chini ya probesheni. Kule hana mtu tena, mkewe alishaondoka na watoto, kwa hiyo ameomba aje kwangu hapa Plano, Texas. Juzi kapiga simu anasema maombi yameshapelekwa na afisa wa huku atakuja kuiona nyumba kabla hawajakubali. Sasa mume wangu ana bastola, kainunua kihalali kabisa, je tumwambie afisa au tunyamaze? Halafu kanisa letu la Kiswahili liko Dallas, ataruhusiwa? Na mama yuko Muheza, ana presha, kila nikipiga anauliza mwanangu anakuja lini kuniona, na alikuwa anategemea hela ya kaka. Kaka ni raia wa hapa kwa hiyo habari za kurudishwa nyumbani hazipo.

Mzee wa Trela
Pole sana dada, na usione aibu, mimi nimemaliza yangu miaka 3 nikiwa naendesha lori kwa hiyo nakwambia nilichopitia. Bastola itoke kabla afisa hajagonga mlango. Mtu mwenye feloni, yaani aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, haruhusiwi silaha, na si lazima aishike mkononi, ikiwa mahali anapoweza kuifikia inahesabiwa yake, wapo maafisa wanaokubali ifungiwe kwenye sefu ambayo yeye hana ufunguo lakini usimwekee kaka yako mtego wa namna hiyo ndani ya nyumba anayolala. Risasi nazo zitoke, watu wengi wanasahau risasi. Na afisa akiuliza kama mlikuwa na silaha mwambieni ukweli, ilikuwepo na imepelekwa kwa fulani.

Kuhusu kanisa, hapa ndipo wengi wanaponaswa bila kujua. Plano iko Kaunti ya Collin, hiyo ni wilaya ya mahakama ya Mashariki ya Texas, Dallas iko ya Kaskazini. Kwa gari ni nusu saa lakini kwa probesheni umetoka wilaya, na kutoka wilaya bila ruhusa ni kuvunja masharti. Sio kwamba watamkatalia, mimi niliomba ruhusa ya kudumu ya kazi na ibada nikapewa kwa maandishi, karatasi ikakaa kwenye gari miaka yote. Aombe siku ile ile ya kwanza, aandike jina la kanisa, anwani na siku.

Akishatoka mikononi mwa magereza ana saa 72 tu za kuripoti ofisi ya probesheni. Kama watampitisha kwanza nyumba ya mpito, yale makazi ya muda kabla ya kuachiwa kabisa, ajue kule bado ni mfungwa, ile miaka 3 haijaanza kuhesabiwa. Kupimwa mkojo ni ndani ya siku 15, hata kama kesi yake haina uhusiano wowote na madawa. Na wakikataa nyumba yako atalazimika kuanzia Minnesota, kwa hiyo simu ya afisa ikipigwa pokea, namba ngeni za wiki hizi pokea zote.

Mama Kevo, Houston
Dada, mimi ni mke wa mtu aliyepitia hiyo kitu. Usiandae sherehe ya kumkaribisha tafadhali. Sisi tulichinja mbuzi, watu wakajaa, kumbe jamaa wawili kwa hiyo meza walikuwa na feloni zao na masharti ya bwanangu yanasema asiongee na mtu kama huyo akijua bila ruhusa ya afisa, na afisa akatokea jioni ile ile. Hakumrudisha jela lakini ile mwaka ilikuwa ngumu, alikuwa anatuona kama watu wa kuficha. Afisa anaweza kuja saa yoyote, hata usiku. Eleza watoto mapema ni nani huyo mtu ili wasiogope.

Hela ya mama: najua kesi za mikopo huwa na fidia ya kulipa, na afisa ataangalia mshahara, benki, kila kitu. Akituma Muheza dola 200 kimyakimya na fidia imechelewa, hapo ameumia. Bwanangu alipeleka bajeti yake kwa karatasi, kodi, chakula, fidia, na pesa ya mamake kidogo, afisa akaikubali. Na asichukue kredi kadi wala mkopo wa gari kabla hajauliza, kwa kesi za pesa hiyo huwa ni sharti.

Kijana wa Tanga
Naongezea tu kwa wengine wanaosoma: kama ndugu yako hana uraia usijipange hivi, uhamiaji wanaweza kumchukua pale pale getini, tafuta wakili wa uhamiaji mapema kabla hajatoka.

Dada wa Plano
Nimelia kusoma haya, asanteni mno. Mume amekubali, bastola inaenda kwa mdogo wake Fort Worth leo jioni na risasi zote. Ila safari ya kumuona mama ndio basi mpaka miaka 3 iishe?

Mzee wa Trela
Hapana dada. Anaweza kuomba ruhusa ya kusafiri, ila nje ya nchi ni ngumu hasa mwaka wa kwanza, na inategemea fidia inalipwaje. Ukishapita mwaka 1 wakili anaweza kumwomba jaji afupishe uangalizi, jaji si lazima akubali, mimi nilikataliwa. Mama asiahidiwe tarehe.

Dada wa Plano
Sawa kaka. Nitamweleza Jumapili nikipiga, na dada yetu mkubwa awe karibu naye.