Mwanzilishi wa bendi yetu ya bluegrass amefariki. Tuendelee na jina lake? Naomba ushauri

Mnyamwezi_Lexington
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, naishi Lexington, Kentucky. Mwaka wa sita huu napiga banjo kwenye bendi ya bluegrass, muziki wa nyuzi wa huku Marekani: banjo, fidla, mandolini, gitaa na besi kubwa ya kusimama. Wenzangu wote ni wenyeji wa huku. Aliyeianzisha alikuwa mzee wa mandolini, ndiye aliyesikia najifunza peke yangu akanikaribisha kwake. Tumemzika mwezi wa pili.

Kwenye muziki huu hakuna ngoma wala drams. Kazi hiyo anaifanya mtu wa mandolini: besi ikipiga, yeye anajibu kwa mkato mfupi, ka! ka! ka!, na wote mnaegemea hapo. Mazoezi ya kwanza bila mzee tulianza vizuri, kufika ubeti wa pili tunakimbia. Aliyekuwa anawakimbiza wenzake ni mimi. Tukasimama. Mtu wa fidla akaweka chombo chake kwenye boksi, akatoka nje, hakurudi usiku ule.

La pili ni jina. Bendi inaitwa kwa jina la ukoo wa mzee. Fidla anasema jina lizikwe naye. Gitaa anasema tumeshasaini maonyesho matatu ya kiangazi na watu wanalijua jina lile. Mjane hatujamuuliza. Naona haya kumpelekea mambo ya bendi wakati bado analia.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mzee_wa_Msondo
Pole sana mwanangu. Msondo Ngoma ilimpoteza TX Moshi William 2006, ikampoteza Gurumo 2014, mmoja wa walioanza nayo ilipoitwa NUTA Jazz 1964, na muziki ukaendelea. Lakini Msondo halikuwa jina la ukoo wa mtu. Lenu ni la mtu, kwa hiyo ninyi mtazameni zaidi Franco wa Kongo, kiongozi wa TPOK Jazz. Alifariki Oktoba 1989. TPOK Jazz ilijaa mafundi, wakaendelea miaka michache, kisha wakashindwana na familia kwenye mgawo wa mapato. Wanamuziki wakaondoka, wakaunda Bana OK na Lutumba Simaro. Ufundi haukuwapungukia hata kidogo.

Aibu unayoiona naielewa, ila mjane akiliona jina la mumewe kwenye tangazo kabla hamjafika kwake, hapo ndipo mtakuwa mmemkosea. Nendeni wote, asitumwe mmoja. Na suala la fedha msilifiche.

Bi_Nyuzi
Pole kaka. Nipo Louisville, muziki huo naupenda mno.

Carter Stanley, wa bendi ya ndugu wawili Stanley Brothers, alifariki Desemba 1966. Yeye ndiye alikuwa mwimbaji kiongozi na msemaji jukwaani. Mdogo wake Ralph alikuwa mtu wa banjo, mkimya, sauti ya juu. Ralph hakujaribu kuwa Carter. Alibaki kwenye sauti yake ya juu, akatafuta waimbaji wa kuongoza, wa kwanza Larry Sparks, bado kijana kabisa. Jina la ndugu wawili likapumzika, la kikosi, Clinch Mountain Boys, likabaki. Akalibeba mpaka 2016 alipofariki.

Kisa cha bendi ya bluegrass ya Seldom Scene kinakaribia zaidi chenu. John Duffey, mandolini na sauti ya juu, mmoja wa walioianzisha 1971, alifariki Desemba 1996. Lou Reid akashika mandolini na bendi ipo mpaka leo. Msitafute mtu wa kumwiga mzee. Mpya aje na mkono wake.

Kapi_la_Besi
Mkuu, kuhusu kukimbia: mwimbaji akiimba, acha kuzungusha vidole. Bana nyuzi kwa mkono wa kushoto, ukate pale pale alipokuwa anakata mzee. Wapiga banjo hufanya hivyo mandolini isipokuwepo. Na fidla anaweza kukata kwa upinde.

Mtu_wa_Ujiji
Mimi nipo na fidla. Badilisheni jina. Mkikosea jukwaani, makosa yatahesabiwa juu ya marehemu.

Mnyamwezi_Lexington
Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa pale kwenye tangazo, maana gitaa alikuwa ameshaanza kulichora. Nimemwomba asimamishe.

Mtu_wa_Ujiji, maneno yako nimemfikishia fidla. Amesema nikushukuru.

Jana tulikutana. Nilibana nyuzi kama alivyoelekeza Kapi, fidla akakata kwa upinde, wimbo ukafika mwisho bila kukimbia. Ilipofika zamu ya mandolini kupiga solo hakuna aliyeijaza. Besi na gitaa vilienda peke yake mzunguko mzima, ndipo tukaingia kuimba.

Jumapili baada ya kanisa tunakwenda kwa mama, wote wanne. Nitaleta mrejesho.