Ekzosi za ubavuni "hazihitaji kukata wala kuchomelea": huu ni uongo mtupu

Wakuu, heshima zenu. Nimevumilia wiki sita, leo natema.

Naunda nakala ya AC Cobra, umbo la ile 427 ya 1965. Ni gari la kujiundia: chasisi inakuja kivyake, bodi ya faibaglasi kivyake, injini unajitafutia. Yangu ni V8 ya Ford. Anayeijua Cobra anajua kwamba uzuri wake nusu nzima uko kwenye yale mabomba mawili ya moshi yaliyolala chini ya milango. Basi hayo mabomba yamenitoa jasho kuliko injini, giaboksi na nyaya zote za umeme.

Muuzaji wa seti simtaji, bado tunaandikiana. Kwenye tangazo lake kaandika ekzosi hazihitaji kukata wala kuchomelea. Maelekezo yenyewe karatasi moja, tena upande mmoja: funga heda (ile mirija minne kila upande inayotoa moshi kwenye injini kuupeleka kwenye bomba), funga bomba, kaza. Kwisha habari.

Kulia kuliingia bila ugomvi. Mirija minne ikatokeza katikati ya tundu la bodi, nyuma ya mrija wa mwisho ikabaki nafasi ya milimita 25. Nikacheka peke yangu gereji kama mwehu. Nikahamia kushoto. Mrija wa silinda ya nane, ule wa nyuma kabisa, ukaja kukaa milimita 4 kutoka ukingo wa tundu. Nne! Hapo unazungumzia faibaglasi kukaa ubavuni mwa chuma kinachopitisha moshi wa nyuzi mia kadhaa.

Nikajilaumu mimi kwanza. Nikafungua, nikafunga, nikafungua tena. Nikashusha timazi, nikavuta uzi kutoka mbele hadi nyuma, nikapima kila kitu kuanzia kwenye chasisi, maana bodi ya kumwagwa kwenye moldi haiaminiki kwa vipimo. Chasisi iko sawa. Injini iko katikati. Mwishowe nikavua heda zote mbili nikazilaza sakafuni zikitazamana, ndipo damu ikachemka: ya kushoto ni ya kulia iliyogeuzwa tu, kama unaitazama kwenye kioo.

Sasa nisikilizeni. Kwenye V8 ya namna hii, konrodi mbili (ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kuu ya injini) zinakaa bega kwa bega kwenye pini moja ya krenki, moja ya silinda ya kushoto na nyingine ya kulia. Kwa hiyo safu mbili za silinda haziwezi kutazamana sawasawa, lazima moja itangulie. Kwa Ford inayotangulia ni ya kulia, ndiyo maana silinda namba 1 iko huko mbele kulia. Ya kushoto inarudi nyuma kwa karibu unene wa kichwa cha konrodi moja. Hii si siri ya kiwandani, ukifungua boneti ukasimama juu ya injini unaiona kwa macho. Wao wamekata matundu ya bodi yaliyo sawa pande zote, wakatengeneza heda zilizo sawa pande zote, halafu wanashangaa za kushoto zinarudi nyuma! 25 toa 4 ni 21. Zile milimita 21 ndizo hizo hizo ambazo safu ya kushoto imerudi nyuma.

Nikampigia simu muuzaji. Kijana wake akanijibu kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Legeza mauntingi za injini, isukume mbele kidogo." Yaani vile vishikio vya injini kwenye chasisi. Ndugu yangu, nikiisukuma mbele, ile ya kulia nayo si itakwenda mbele ikabane upande wa pili? Kimya. Akasema atauliza, akaniweka kwenye muziki, laini ikakatika.

Na hapo sijagusa bado breketi ya nyuma, kile kishikio cha bomba. Bomba lenyewe ni chuma cha pua, mita 1 na sentimita 20. Likipanda nyuzi 400 linarefuka karibu milimita 8, hiyo ni hesabu ya darasani. Lakini wao wametoa breketi ya kufungwa moja kwa moja kwenye chasisi: tundu la duara, hakuna raba, hakuna mwanya wa bomba kuteleza. Juu ya hapo injini inacheza kwenye mauntingi zake kila ukikanyaga mafuta, chasisi haichezi. Sasa bomba liende wapi?

Niliwasha dakika 15 tu, nikiwa nimesimama pembeni na kitambaa cha maji mkononi. Ikaanza tik, tik, tik upande wa kushoto. Boliti zimevutwa, gasketi inayoziba kati ya heda na injini imechanika pale silinda ya nane. Nikainama kutazama, harufu ya faibaglasi inayoungua ikanipiga puani, na kwenye ukingo wa tundu rangi imetoka malengelenge matatu ya ukubwa wa punje ya dengu. Bodi mpya hiyo.

Jibu la barua pepe: bodi zinatengenezwa kwa mkono, tofauti ndogo ni kawaida, na kwa kuwa nimeshawasha injini ekzosi zinahesabiwa zimetumika. Yaani nisiwashe, nijue vipi kama zinafaa?

Fundi wangu amekata mirija minne ya kushoto karibu na flanji (bamba la heda linalofungwa kwenye injini), akaiinamisha mbele, akaishika kwa nukta nukta za welding ikiwa palepale kwenye injini. Kisha akaivua na kuichomelea mezani, flanji ikiwa imefungwa boliti kwenye bamba nene la chuma isijikunje kwa moto. Breketi ya nyuma tumeitupa, tumeweka ya raba yenye tundu refu. Sasa nafasi ni milimita 23 na ile tiktik imekwisha. Kazi ambayo kwa mujibu wa tangazo haikuhitajika.

Wenye seti kama yangu, kabla hamjafunga kitu, vueni heda mzilaze sakafuni mzitazame, mniwekee picha hapa. Mimi jana nimetuma barua pepe ya tano, nimeambatanisha picha ya malengelenge na rula pembeni.