Hiace ya wanafunzi inakosa nguvu mlimani, nibadili injini?

Kimara Kwetu: Habari za jioni wakuu. Nina Hiace ya dizeli, injini 1KD, inabeba wanafunzi. Wiki ya tatu sasa, jioni tukitoka Ubungo kupanda Kimara taa ya cheki injini inawaka, nguvu zinakata, natambaa huku malori yananipigia honi. Nikizima na kuwasha inarudi sawa kwa muda. Nimebadili sensa ya kranki, nikabadili ya reli (bomba linalogawa dizeli yenye presha kwa nozeli), laki nne zimeyeyuka. Sensa zimenichosha. Nataka niweke injini ya 5L, ya pampu ya kizamani isiyo na sensa hizi. Kuna aliyefanya hivyo?

Dereva Mstaafu: 5L ni chuma, kijana wangu. Nimekwenda nayo Tunduma miaka tisa. Mlio ukibadilika, sikio linakwambia. Usiku mmoja Kitonga nilisimama kwa sababu ya harufu tu, nikakuta paipu ya dizeli imepasuka.

Mama Wawili: Samahani kaka, kwa nini bado unapakia watoto wa watu humo? Wangu wawili wanapanda gari kama hilo. Roho inaniuma.

Nozeli: Mashine ya kupima gari ilisoma kodi gani ya hitilafu? Na mafuta unaweka wapi?

Kimara Kwetu: P0087. Mafuta ya kawaida tu.

Nozeli: P0087 ni presha ya reli kuwa chini. Mkuu, sensa ya reli haitengenezi presha, inaisoma. Kontro boksi, kompyuta ya injini, inaipa volti 5, nayo inarudisha volti inayopanda presha ikipanda. Boksi linalinganisha na presha linayotaka, kisha linaiamuru SCV, vali ya kupima mafuta yanayoingia pampu, iruhusu mafuta zaidi au ibane. Gari likiunguruma limesimama, reli ina kama baa 300. Ukikanyaga mlimani inatakiwa ipite 1,000. Boksi likiomba lisipate, linakata nguvu makusudi kulinda injini. Ukizima na kuwasha, linajaribu upya. Sensa mpya imesema kilekile ilichosema ya zamani. Zote mbili zilisema kweli. "Ya kawaida" ndiyo wapi?

Kachumbari: Wakuu, mnachezewa. Sensa ya kranki ikifa, injini ya komoni reli (ya reli moja kwa nozeli zote, kama 1KD) haiwaki, boksi halijui pistoni iko wapi lipige nozeli saa ngapi. Huyu anadai aliibadili kwa gari kukosa nguvu! Uzi wa kutunga. Kesho ataleta tangazo la kuuza 5L.

Kimara Kwetu: Sijatunga. Fundi alibahatisha kranki, mimi nikalipa. Haya, kwa kuwa naitwa mwongo: tangu mwezi uliopita nachukua dizeli ya madumu kwa kijana mmoja, nafuu ya shilingi 500 kwa lita. Majirani wanachukua kwake na magari yao yanatembea. Halafu fundi nimeshampa advansi ya 5L, milioni moja na nusu. Siwezi kurudi nyuma.

Dereva Mstaafu: Majirani zako wana injini gani? Za zamani zinavumilia.

Mzee wa Sheli: Hayo yamechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo, yasiwe na faida kuchanganywa. Vinasaba, alama za kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, vilianza kuwekwa 2010. Dumu la barabarani nani analipima?

Nozeli: Pampu ya 1KD inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, yanaikwangua. Fungua filta sasa hivi, mimina kwenye chupa nyeupe.

Kimara Kwetu: Nimemimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Chini maji vidole viwili, yana kutu. Juu yake mepesi, yananuka jiko la mchina.

Nozeli: Usiwashe. Mwaga tanki lote, osha, weka filta mpya, kisha SCV na pampu vipimwe. Injini usiiguse kwanza.

Kimara Kwetu: Sawa. Watoto nimewakodia Noah kuanzia kesho. Fundi nimempigia, anasema hela ameshanunulia gia boksi.

Mama Wawili: Ahsante kwa Noah, kaka.