Tupeane uzoefu: uliyoyapitia katika tahajudi ya kina

Ndugu wanajamvi, naomba kila aliyewahi kukaa kimya kwa tahajudi, yaani kutuliza mawazo, kwa sala au kwa dhikri, akafika mahali ambapo nafsi yake ilitulia kuliko alivyozoea, atusimulie ilivyokuwa. Tusimulie yaliyotokea kabla ya kuyapa majina, kwa kuwa mijadala mingi ya mambo haya huanza na majina makubwa na kuishia kwenye ubishi wa dini ipi ni ya kweli.

Naanza na yangu. Ninaishi Tukuyu, ambako mwezi wa nne mvua hunyesha usiku kucha. Kwa miezi saba nilikuwa nikiamka saa kumi alfajiri, nikikaa mkekani na kuhesabu pumzi kuanzia moja hadi kumi, kisha kuanza upya, na karibu kila siku nilipotea kabla ya kufika tano, nikiwaza ada za watoto. Alfajiri moja mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu. Sikumbuki niliacha kuhesabu lini. Ninachokumbuka ni kwamba mlio ule haukuwa tena juu ya paa wala mimi sikuwa chini yake. Ulikuwepo mlio tu, umejaa kila mahali, na hapakuwa na mtu wa kuusikiliza. Sikuogopa. Nilipofumbua macho, mkaa niliouacha ukiwaka kwenye jiko ulikuwa majivu matupu na sufuria ya chai imepoa, ilhali ningeapa kwamba nilikaa dakika kumi. Siku ile nilimpita jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba. Nilimwambia "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, naye akaitika.

Mwanafalsafa wa Marekani William James, katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh, Uskoti, na kuichapisha 1902, alitaja alama nne za hali kama hizi: hazielezeki kwa maneno, humwachia mtu hisia ya kuwa amejua jambo, hazidumu, na humjia mtu bila yeye kuzishika hatamu. Tatu ninazikiri bila kusita. Hiyo ya kujua jambo bado ninaipima, maana ukiniuliza nilijua nini, sina jibu.

Mwanajamvi wa Makambako: Ndugu mleta mada, kabla hatujafika mbali, jiko hilo lilikuwa wapi? Baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba huwafanya watu walale na jiko la mkaa ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, na hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi. Huanza kwa kichwa kizito na usingizi, kisha huua. Sikuulizi kwa kukudharau. Nilimzika shemeji yangu kwa sababu hiyo.

Mleta mada: Pole sana, ndugu yangu, na swali lako ni la haki. Jiko lilikuwa nje barazani na mlango umefungwa, wala sikuumwa kichwa. Anayekaa alfajiri ajifunike blanketi, asiingize jiko chumbani hata vidole vikifa ganzi.

Mwanajamvi wa Njombe: Kwangu haikuja hivyo. Nilikwenda kwa masista kwa mafungo ya siku nane ya ukimya, na siku sita sikupata chochote isipokuwa usingizi na maumivu ya mgongo. Sista aliyeniongoza alinipa mfano wa Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyefariki 1582, ambaye alifananisha sala na kumwagilia bustani kwa njia nne: kuteka maji kisimani kwa mkono, kuyapandisha kwa gurudumu, kuyaleta kwa mfereji, na mwisho mvua inayonyesha yenyewe. Nimekulia kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, nikimwagilia kabichi kwa ndoo kila jioni ya kiangazi, kwa hiyo nililiona kosa langu papo hapo: nilikuwa nimekaa kando ya kisima nikitazama mawingu. Siku ya saba, tukimenya viazi jikoni, kisu kikiwa mkononi, nilijua kwamba ninapendwa, na sina neno jingine la kuliweka hapo. Machozi yakadondokea kwenye beseni. Sista aliyekuwa karibu nami hakuuliza kitu. Alinisogezea kiazi kingine.

Mwanajamvi wa Mbeya mjini: Mimi nilipanda mlimani kwa maombi, nikafunga na kukesha siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu nilisikia sauti ikiniita kwa jina la utotoni, na niliposhuka ilinifuata, ikiniamuru kugawa vitu vyangu, hadi ndugu zangu waliponipeleka hospitali, nikapewa dawa na kulala. Daktari alinieleza kwamba kukosa usingizi peke yake kunaweza kumfanya mtu mwenye afya asikie na kuona yasiyokuwepo. Hata hivyo usiku wa kwanza, kabla ya sauti, palikuwa na utulivu ambao siwezi kuuweka fungu moja na ugonjwa. Aliyepitia yote mawili, naomba anieleze aliyatenganishaje.