Kwa nini plazma ikitunzwa vizuri ndipo ukingo wake unapasuka?

Mwl_Bahi:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita huku Bahi. Kwetu ukitaja nyuklia watu wanawaza urani, maana watafiti wa madini wamepita sana mbugani, kwa hiyo huwa natenga kipindi cha kueleza tofauti ya kupasua viini vya atomu na kuviunganisha. Safari hii binti mmoja wa kidato cha sita amenibana. Nilieleza kwamba mwaka 1982, Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waliona plazma, yaani gesi ya moto mno ambayo atomu zake zimegawanyika kuwa chembe zenye chaji, ndani ya ASDEX, mashine ya umbo la pete inayoishikilia kwa sumaku ili viini viungane, ikibadilika ghafla na kutunza joto karibu mara mbili ya kawaida. Ndiyo inayoitwa hali ya H. Nikaongeza kuwa katika hali hiyohiyo ukingo wa plazma hupasuka mara kwa mara na kutema joto ukutani. Wenyewe wanaita ELM. Akauliza: "Mwalimu, kama inatunzwa vizuri zaidi, mbona ndiyo inapasuka?" Naomba sababu nitakayoweza kuichora ubaoni.

Fundi_Chamwino:
Si waongeze nguvu ya sumaku tu, mwalimu? Inaonekana haitoshi.

Binti_wa_Mpwapwa:
Shikamoo mwalimu. Nasoma uzamili hapa UDOM na kazi yangu ni hesabu za ukingo huohuo, kwa hiyo swali la huyo binti limenifurahisha sana. Mwambie ameshika penyewe.

Mchoree lambo la ng'ombe. Tuta bovu linavujisha maji polepole. Maji hayapandi na tuta halilemewi. Lishindilie vizuri, maji yatapanda na uzito wote utaliegemea tuta. Katika hali ya H, tuta ni tabaka la sentimita chache tu ukingoni, ambamo misukosuko midogo iliyokuwa ikivujisha joto imezimwa. Kanieneo inapanda upande wa ndani, na nje yake karibu hakuna kitu. Mteremko huo mkali ndio unaosukuma plazma ifutuke, hasa upande wa nje wa pete, ambako sumaku ni dhaifu zaidi. Kisha kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipitia haraka: mteremko wenyewe huzalisha mkondo wa umeme ukingoni, na mkondo huo nao una tabia ya kubandua tabaka la nje. Vyote viwili vikifika kikomo, ukingo unapasuka kwa muda usiozidi milisekunde moja au mbili, kanieneo inashuka, halafu unaanza kujijenga upya. Lambo halijijengi hivyo, kwa hiyo mfano uishie hapo.

Kaka Fundi, sumaku ikiongezwa kikomo kinapanda kweli, ila plazma nayo inajaa mpaka kikomo kipya, na mpasuko unakuja na nishati kubwa zaidi.

Na hapo ndipo pa kuhofia. Kwa ITER, mashine kubwa ya kimataifa ya kuunganisha viini inayojengwa Cadarache, Ufaransa, mpasuko usiodhibitiwa ulikadiriwa kufika megajouli 20 hivi, wakati tungsteni, metali ya sakafuni mwa chombo, inavumilia kiasi kisichozidi megajouli 1. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, lakini mipigo ya namna hiyo ikijirudia inaipasua na kuiyeyusha usoni.

Mwl_Bahi:
Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Sasa atauliza: kwa nini wasiizime ELM kabisa?

Binti_wa_Mpwapwa:
Atakuwa sahihi kuuliza. Inazimika. Mwaka 2004 watafiti wa mashine ya DIII-D, San Diego, Marekani, walichapisha matokeo: koili za ziada zinazovuruga uga wa sumaku kidogo sana ukingoni ziliondoa mipasuko mikubwa huku hali ya H ikibaki. ITER imepangiwa koili 27 za kazi hiyo ndani ya chombo. Njia nyingine ni kurusha vipande vya haidrojeni nzito iliyogandishwa, ili mipasuko ije midogo midogo na mara nyingi.

Lakini ukingo usiovuja kabisa ni hatari nyingine. Chembe za tungsteni zinazong'oka ukutani huingia ndani, zikajikusanya katikati, na zinatoa mwanga mwingi unaopoza plazma. Mipasuko ilikuwa inazifagia nje. Kwa hiyo msimfundishe kwamba ELM ni adui tu. Kinachotafutwa ni ukingo unaotunza joto na kuachia uchafu bila kishindo, na kwangu hili ni gumu kuliko kufikia joto la nyuzi milioni 150, ambalo magazeti hulishangilia kila mara.

Fundi_Chamwino:
Dada, kuna picha za hiyo mipasuko?

Binti_wa_Mpwapwa:
Zipo, kaka. Tafuta za mashine ya MAST ya Culham, Uingereza, zilizopigwa kwa kamera ya kasi. Utaona nyuzi zinazong'aa zimejisokota kuizunguka plazma, zikifuata mistari ya sumaku. Mwalimu, waoneshe hizo kabla ya kuandika mlinganyo wowote.