Tupeane uzoefu: dosye ya kazi na siku ya intavyuu

Mwana wa Himbi (Goma)
Ndugu zangu, mdogo wangu amemaliza chuo na anatafuta kazi kwenye mashirika ya hapa Goma. Dosye 13, yaani barua ya maombi na vyeti vyake, zimeshaenda, hajaitwa hata mara moja. Juzi nilifungua barua zake: ni barua ileile, jina la shirika tu linabadilika, na kwenye moja alisahau kulibadilisha. Iliniuma, maana ni kijana mwenye bidii. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta yeye mwenyewe.

Mama Neema (Bukavu)
Mimi nilikuwa upande wa kupokea, miaka mitatu. Nafasi moja ya mtunza stoo ilileta dosye zaidi ya 200. Tangazo lilisema wazi: namba ya nafasi iandikwe kwenye kichwa cha imeili, karatasi zote ziwe kwenye PDF moja. Zilizokosa namba hatukuzifungua, na najua humo walikuwemo watu wazuri. Kadi ya ONEM, ile ofisi ya taifa ya ajira, nayo watu wanaikimbilia siku ya mwisho. Tafuteni mapema, jamani, hata kabla hamjaona tangazo.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi)
Mimi ni fundi umeme. Mara ya kwanza kuitwa na kampuni ya migodi waliniuliza: pampu imesimama, unafanya nini kwanza? Nikaanza kuhesabu vyeti vyangu, vyote, mpaka cha sekondari. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaniaga vizuri. Sikupata.

Mara ya pili, kampuni nyingine, swali karibu lilelile. Nikasema: nazima swichi kubwa, naifunga kwa kufuli langu mwenyewe, ufunguo unakaa mfukoni mwangu, natundika kibao chenye jina langu, kisha napima kama kweli umeme haupo. Hapo ndipo nagusa pampu. Wakaniuliza na siku niliyowahi kukataa kazi kwa sababu ya hatari. Nilikuwa nayo, nikaisimulia. Kazi nikaipata. Kijana atafute visa vyake vitatu vinne vya kweli, avisimulie kwa sauti nyumbani, hata kwa mama.

Yaya Esperance (Goma)
Nilikuwa naishi Buhene. Usiku wa 22 Mei 2021 volkano ilipolipuka nilishika watoto tu. Diplomu ilibaki sandukuni na lava ikapita juu ya nyumba. Picha yake nilikuwa nimejitumia kwenye imeili kwa ajili ya kazi niliyoomba 2020. Vyeti vya kazi za zamani sikuwa nimevipiga picha. Nimezunguka miezi nikiviomba upya, na ofisi moja ilikuwa imeshafunga.

Mwana wa Himbi (Goma)
Pole sana yaya. Jana usiku nimekaa na mdogo wangu, karatasi zake zote tumezipiga picha. Barua tumeandika moja tu, ya mtunza stoo, mpaka saa sita. Mama Neema, naweza kukutumia uisome kabla hajaituma Jumatatu?

Mama Neema (Bukavu)
Ilete leo, na tangazo lenyewe pamoja.