Mrejesho: Mashine ya Pac-Man imewaka tena

Niliwaomba ushauri kuhusu mashine ya Pac-Man, mchezo wa video uliotoka mwaka 1980, niliyoikuta katika stoo ya marehemu mjomba hapa Moshi, ikiwa imeliwa na mchwa na kioo chake kikiwa giza tupu. Mlionielekeza kwenye kapasita (vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme) mlikuwa sahihi: zilikuwa zimevimba, na fundi wa televisheni alizibadilisha baada ya kuondoa kwanza umeme uliobaki, kwa sababu bomba la picha (kioo kama cha televisheni za zamani) huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata likiwa limezimwa. Kwa kuwa mashine ni ya Marekani, nimeifungia transfoma ya kushusha volti 230 hadi 120. Mbao za ubavuni zimechongwa upya. Rangi ya manjano ya mashine, nakiri, imekolea kupita ile ya asili.